Jinsi ya kutafuta hitilafu za umeme katika kicheza kaseti cha zamani

Na MWANDISHI WETU

KATIKA nyumba nyingi za Nyeri, Karatina, Kerugoya na Embu kungali na sanduku au kopo la biskuti lililojaa kaseti ambazo hakuna tena anayezisikiliza. Ndani yake mna nyimbo za arusi, mahubiri, kwaya za kanisani, na pengine sauti ya mzee aliyefariki miaka mingi iliyopita akiwausia wanawe. Kaseti zenyewe aghalabu ni nzima. Kilichokufa ni chombo cha kuzichezea.

Wenye vyombo hivyo wengi hukata tamaa mapema. Wakibonyeza kitufe na kusikia kimya, huamini kuwa mashine imeungua, na hatimaye huiuza kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu. Ukweli ni kwamba hitilafu nyingi za vyombo hivi si kubwa. Huwa ziko katika njia fupi ambayo umeme hupitia kutoka kwenye betri hadi kwenye mota, na yeyote mwenye subira na mita ya bei nafuu anaweza kuzigundua. Kanuni ni moja: pima kwanza, ubadilishe baadaye, na uanzie pale umeme unapoanzia.

Chombo kilichotufikia

Kaseti ndogo tunayoijua ilizinduliwa na kampuni ya Philips mwaka wa 1963. Mnamo Julai 1979, kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza Walkman ya kwanza, aina ya TPS-L2, iliyotumia betri mbili za AA, yaani volti 3. Tangu hapo jina Walkman likawa la kila kicheza kaseti cha kubebwa, hata kilichotengenezwa na kampuni nyingine.

Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, chombo kilichotawala kilikuwa redio-kaseti, ile redio kubwa yenye mkono wa kubebea na betri nne, sita au nane. Nyimbo zilizorekodiwa River Road jijini Nairobi zilifika vijijini kwa njia hiyo, zikiwemo za Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema aliyefariki mwaka wa 2018. Kaseti ilibeba hata siasa. Mwaka wa 1990, wakati wa vuguvugu la kudai vyama vingi, polisi waliwakamata wachuuzi wa kaseti zenye nyimbo za lugha ya Gikuyu ambazo serikali ilizitaja kuwa za uchochezi.

Nyingi za nyimbo mashuhuri zimekwisha kuhamishwa katika mfumo wa dijitali. Rekodi za nyumbani hazikuhamishwa. Kaseti iliyonaswa katika mazishi huko Othaya mwaka wa 1988 yaelekea haina nakala nyingine duniani. Hiyo ndiyo sababu kuu ya kutengeneza chombo hiki.

Kabla ya kufungua

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: bisibisi ndogo ya nyota, mita ya fundi inayopima volti na ukinzani, chuma cha kulehemu chenye ncha nyembamba, risasi ya kulehemu, vijiti vya pamba na alkoholi ya isopropili. Spiriti ya kusafishia vidonda inayouzwa katika maduka ya dawa si mbadala mzuri, kwa kuwa aghalabu hutiwa mafuta ambayo hubaki kama utando juu ya sehemu iliyosafishwa.

Piga picha kwa simu kila unapoondoa skrubu au waya. Skrubu za vyombo hivi hutofautiana urefu, na ndefu ikirudishwa mahali pa fupi huweza kutoboa bodi.

Mambo mawili yazingatiwe. Kwanza, usijaribu mashine kwa kaseti unayoithamini. Tumia kaseti isiyo na maana, kwa sababu mashine mbovu hula mkanda. Pili, kila kaseti ya thamani ina vijipande viwili vya plastiki mgongoni. Vivunje kabla ya kuitia katika redio-kaseti yenye uwezo wa kurekodi. Vikivunjwa, kitufe cha kurekodi hakishuki, na sauti ya marehemu haifutiki kwa bahati mbaya.

Hatua ya kwanza: Betri

Betri mpya ya AA, na hata ile kubwa ya redio, huonyesha volti 1.5 au zaidi kidogo. Hata hivyo, kipimo kinachochukuliwa betri ikiwa imepumzika hudanganya. Betri iliyochoka huweza kuonyesha volti 1.4 mezani, kisha ikaporomoka mara tu mota inapoanza kuzunguka. Kwa hivyo, pima betri zikiwa ndani ya mashine na kitufe cha kucheza kikiwa kimebonyezwa. Iwapo mashine ya betri mbili inashuka chini ya volti 2.2 hivi, ama betri zimeisha au kuna kitu kinachovuta umeme kupita kiasi. Jaribu betri mpya. Volti zikiporomoka vilevile, shuku mota iliyokwama au njia iliyogusana mahali fulani.

Wengi wanakumbuka desturi ya kuanika betri juani ili zipate nguvu. Joto huharakisha kemikali zilizosalia, na kweli redio hulia kwa muda. Lakini betri iliyoisha na kupashwa joto huvuja upesi, na maji yake ndiyo adui mkubwa wa vyombo vya zamani. Baridi nayo hufanya kinyume: asubuhi ya Julai mjini Nyeri, betri iliyochoka huonekana imekufa kabisa, kisha hufufuka adhuhuri. Usiihukumu mashine kabla ya kutia betri mpya.

Hatua ya pili: Kutu

Fungua kifuniko cha betri utazame vyuma vinavyozigusa. Ukiona unga mweupe, wa kijani au wa samawati, hapo pana kizuizi. Dawa yake hutegemea aina ya betri iliyovuja. Betri za alkalini huvuja alkali, kwa hivyo husafishwa kwa tone la siki au maji ya limau. Betri za kawaida za zinki na kaboni huvuja asidi, na hizo husafishwa kwa magadi ya kupikia yaliyochanganywa na maji kidogo. Baada ya hapo futa kwa pamba yenye maji safi, kisha kwa alkoholi, na uache pakauke.

Usiishie juu. Maji ya betri hupanda ndani ya waya, chini ya plastiki yake, hadi kwenye bodi. Waya ulioathirika huwa mweusi ndani na hushika risasi kwa shida. Kata sehemu hiyo au badilisha waya wote. Chuma cha betri kilicholiwa kabisa huweza kutolewa katika mashine nyingine iliyokufa.

Hatua ya tatu: Fuata umeme

Sehemu hii ndiyo kiini cha kazi yote. Weka mita katika upimaji wa volti za DC. Shikiza ncha nyeusi kwenye upande hasi wa betri na usiiondoe. Kisha sogeza ncha nyekundu kuanzia upande chanya wa betri, uifuate njia ya umeme: chuma cha betri, waya, tundu la adapta, swichi, bodi, hadi mota. Kitufe cha kucheza kiwe kimebonyezwa muda wote.

Mahali volti zinapotoweka ghafla au kupungua sana, hitilafu iko kati ya hapo na mahali ulipopima awali. Iwapo volti zinafika hadi kwenye mota na bado haizunguki, shikiza ncha nyekundu kwenye upande chanya wa mota na uisogeze ile nyeusi hadi upande wake hasi. Ukikosa volti, njia ya kurudi ndiyo iliyokatika. Mafundi wengi husahau kuwa umeme una safari ya kwenda na ya kurudi.

Washukiwa wakuu katika njia hii ni wawili.

Wa kwanza ni tundu la adapta. Ndani yake mna kijichuma kinachotenganisha betri pale adapta inapochomekwa. Kikipinda au kikishika kutu, hakirudi mahali pake, na mashine hubaki ikidhani kuwa adapta imo. Dalili yake ni dhahiri: chombo hufanya kazi kwa adapta, lakini kwa betri hakisikiki. Chomeka na kuchomoa plagi mara kadhaa huku betri zikiwa zimetolewa, au tia alkoholi kidogo. Isipofaulu, badilisha tundu.

Wa pili ni swichi ya mota. Huwa ni vijichuma viwili vyembamba vinavyobanwa pamoja na kitufe cha kucheza. Baada ya miaka 30 hushika utando mweusi. Pima volti kati ya kijichuma kimoja na kingine kitufe kikiwa kimebonyezwa. Zinapaswa kuwa karibu na sufuri. Zikiwa nusu volti au zaidi, swichi hiyo inazuia. Chovya kipande cha karatasi ngumu katika alkoholi, kipitishe kati ya vijichuma hivyo mara chache, na usitumie msasa, kwa kuwa hukwaruza madini ya juu na kuharakisha kutu.

Tahadhari ya adapta

Mashine nyingi nzima zimeuawa na adapta isiyofaa. Soma alama iliyochorwa karibu na tundu. Baadhi ya vyombo vya Japani vina upande hasi katikati ya plagi, vingine vina chanya. Ukikosea, huweza kuunguza mota na bodi kwa pamoja. Aidha, adapta za zamani zilizoandikwa volti 3 hutoa volti nyingi zaidi zinapokuwa hazijabebeshwa kazi. Ipime kabla ya kuichomeka.

Hatari kama hiyo iliwakumba waliounganisha redio-kaseti na betri ya gari vijijini. Mashine ya betri sita hutaka volti 9. Betri ya gari hutoa 12 na zaidi. Ikiwa chombo chako kina waya za ziada zilizofungwa kwa utepe nyuma, shuku kwamba kiliwahi kupitia hali hiyo.

Mota, au mpira?

Umeme ukifika na mota isizunguke, tenganisha waya mmoja wa mota na uilishe kwa betri moja kwa moja, ukizingatia upande chanya na hasi. Jaribio hili ni la mota yenye waya mbili pekee. Walkman za baadaye zilitumia mota zenye waya nyingi zinazoongozwa na bodi, na hizo hazijaribiwi hivyo. Mota iliyolala kwa miaka mara nyingine huhitaji kusukumwa taratibu kwa kidole mara kadhaa ndipo izinduke.

Iwapo mota inavuma lakini mkanda hausongi, acha kutafuta umeme. Kosa liko kwenye mpira unaoiunganisha mota na gurudumu zito la kuvuta mkanda. Mipira ya zamani hulegea, na mingine huyeyuka ikawa kama lami inayoganda kwenye kila kitu. Ikwangue kwa kijiti, ifute kwa alkoholi, na utie mpira mpya wenye mzingo na unene unaofanana. Mpira wa kufungia noti haufai. Sauti itayumba kama ya mlevi. Tena, lami hiyo ikiikwamisha mota, mota huvuta umeme mwingi na kuzimaliza betri upesi, hata fundi akadhani pana hitilafu katika bodi.

Nyuma ya mota nyingi pana tundu dogo la kurekebisha kasi kwa bisibisi. Usiliguse kabla ya kutia mpira mpya na kusafisha njia ya mkanda. Ukishafanya hivyo, tumia wimbo unaoujua vizuri kulinganisha.

Mashine inazunguka, sauti haipo

Anza na jambo rahisi: jaribu spika nyingine za masikioni. Kisha safisha kichwa kinachosoma mkanda kwa pamba na alkoholi hadi pamba itoke nyeupe. Uchafu pekee unatosha kuifanya sauti iwe ya mbali kama inayotoka ndani ya pipa.

Sauti ikisikika upande mmoja tu, tikisa plagi ya spika za masikioni. Ikija na kupotea, tundu limelegea kwenye bodi. Lehemu upya miguu yake kwa risasi mpya kidogo. Mikwaruzo inaposikika unapozungusha kidhibiti cha sauti, tia dawa ya kusafishia vidhibiti na ukizungushe mara ishirini kutoka mwisho hadi mwisho.

Kimya kikizidi, chombo kikiwa kinatumia betri pekee, punguza sauti na uguse kwa ncha ya bisibisi waya wa kichwa cha kusomea. Ukisikia mvumo au mgonjo, kikuza sauti ni kizima na tatizo liko kwenye kichwa au waya wake. Usiposikia kitu, tatizo liko mbele zaidi. Usikipime kichwa hicho kwa upande wa mita unaopima ukinzani, kwa maana mkondo wake hukitia usumaku, nacho kitaharibu sauti ya kila kaseti kitakayoisoma.

Katika redio-kaseti, mlio mkali au sauti inayokatika hutokana mara nyingi na swichi ndefu ya kubadilisha kati ya kurekodi na kucheza. Tia dawa ya kusafishia ndani yake, kisha ipeleke mbele na nyuma mara kadhaa kaseti ikiwa imetolewa.

Hatimaye kuna kapasita. Zile ndogo za miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990 hujulikana kwa kuvuja. Bodi huwa na madoa, na ukiigusa kwa chuma cha moto hutoa harufu kama ya samaki. Badilisha kwa nyingine ya ujazo uleule na volti sawa au zaidi, na uhakikishe upande hasi haugeuzwi.

Zinazotumia stima

Stima ya nyumbani nchini Kenya ni volti 240, na huua. Asiye na ujuzi asifungue sehemu hiyo ya redio-kaseti. Anachoweza kufanya ni kupata jibu la mapema: ikiwa mashine inacheza kwa betri lakini haichezi kwa stima, basi mota, bodi na kichwa ni vizima. Kosa limo katika waya wa ukutani, fyuzi, transfoma au diodi, na kazi ya fundi itakuwa fupi. Ikiwa kwa stima inavuma kwa sauti nzito lakini kwa betri imetulia, kapasita kubwa ya kuchuja umeme imechoka.

Tazama pia swichi ya volti iliyo nyuma. Mashine zilizoletwa na jamaa kutoka Marekani huweza kuwa za volti 120 pekee, na zikichomekwa hapa transfoma huungua papo hapo. Kamwe usiweke uzi wa waya au karatasi ya sigara badala ya fyuzi. Nyumba zimeteketea kwa mchezo huo.

Mahali na hitilafu zake

Mazingira humsaidia fundi kukisia. Mashine iliyokaa karibu na msitu wa Nyandarua, kwenye ukungu wa majira ya gathano, huwa na kutu katika swichi na vyuma vya betri. Ile ya upande wa Nanyuki, kiangazi kinapopiga, huwa na vumbi katika vidhibiti na mafuta yaliyokauka kwenye mihimili. Iliyowekwa jikoni hubeba masizi ya kuni ambayo, yakichanganyika na unyevu, hupitisha umeme pasipotakiwa. Mashine inayotoka mahali pa baridi kuingia chumba chenye joto iachwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa, ili umande wa ndani ukauke.

Mafundi wa redio wamepungua mijini, lakini fundi wa simu ana mita, chuma cha kulehemu na macho ya kuona vitu vidogo. Mpelekee mashine ukiwa umeandika ulichopima na mahali volti zilipopotelea. Utamwokolea muda, naye hatakuwa na haja ya kubahatisha.

Ikishalia

Chombo kilichofufuliwa hakitadumu milele. Kabla ya kusikiliza kwa starehe, unganisha tundu la spika za masikioni na kompyuta kwa waya ufaao, ukianza na sauti ya chini kwani mlango wa maikrofoni hulemewa upesi. Kama kaseti imelala kwa miaka, ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe, kisha urekodi pande zote mbili bila kukata. Ipe faili jina la msemaji, mahali na mwaka, na uihifadhi mahali pawili tofauti.

Kaseti ya kwanza iwe ile isiyo na nakala kokote. Nyimbo za dukani zinaweza kungoja.